Ramani ya kale ya mitaa ni nini?

Ni ramani ya mji inayoonyesha barabara, viwanja na majengo kama yalivyokuwa ilipochorwa. Au kama serikali ilivyotaka yawe: ramani za miji ya bandari enzi za ukoloni mara nyingi zilichanganya barabara zilizokwisha kujengwa na zile zilizokuwa bado ni mipango ya ofisini. Kwa hiyo usiisome kama picha.

Tuchukue Dar es Salaam. Mji ulianzishwa na Sultani Majid wa Zanzibar miaka ya 1860, na mwaka 1891 Wajerumani wakahamishia hapo makao makuu yao kutoka Bagamoyo. Kwenye ramani zao, barabara kuu ya katikati ya mji inaitwa Unter den Akazien, yaani "chini ya migunga". Waingereza waliuteka mji mwaka 1916, na barabara hiyo ikaja kuitwa Acacia Avenue. Baada ya Uhuru ikawa Independence Avenue, na leo ni Mtaa wa Samora. Migunga yenyewe usiitafute.

Ndiyo maana ukipata ramani isiyo na tarehe, anza na majina, kisha tafuta alama zinazojulikana zilijengwa lini. Reli ya Kati ilianza kujengwa mwaka 1905, hivyo ramani yenye njia ya reli haielekei kuwa ya 1895, labda kama reli hiyo ilichorwa ikiwa bado ni mpango. Kwenye makutano ya Sanamu ya Askari, iliyosimikwa mwaka 1927, Wajerumani walikuwa wameweka sanamu ya gavana wao, Hermann von Wissmann.

Kipimo nacho kiangalie. Kikiandikwa 1:10,000, sentimita moja ya rula ni mita 100 za kutembea. Lakini pima kwenye ramani halisi. Nakala iliyopunguzwa ili itoshe kwenye fremu inadanganya, labda iwe na mstari wa kipimo uliochorwa pembeni, ambao hupungua pamoja nayo.

Jina ninalolipenda kuliko yote ni Kariakoo. Limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, waliopiga kambi hapo. Basi mtu akikuuzia "ramani halisi ya Mjerumani ya 1900" na Kariakoo imeandikwa humo, mrudishie.