Matatizo ya kijamii ya viwanda: maana yake

Kazi inapohama kutoka shambani na nyumbani kwenda kiwandani, maisha ya watu hugeuka. Madhara yanayoambatana na mageuzi hayo, kama ajira ya watoto, saa nyingi za kazi, ajali, ujira mdogo na msongamano wa mijini, ndiyo huitwa matatizo ya kijamii ya viwanda. Wapo wanaoilaumu mashine. Mimi naona swali kubwa lilikuwa nani mwenye kauli ya mashine izimwe saa ngapi.

Chukua viwanda vya pamba vya Uingereza miaka ya 1820. Mtoto anatambaa chini ya mashine inayoendelea kwenda, akizoa pamba iliyodondoka. Akikosea kidogo tu, anaumia. Mwenzake anaunga nyuzi zinazokatika, kutwa nzima kwa miguu. Waliajiriwa kwa sababu walikuwa wepesi, na kwa sababu ujira wao ulikuwa mdogo mno.

Sheria ya Viwanda ya 1833 ilikataza watoto wa chini ya miaka 9 katika viwanda vingi vya nguo. Zilikuwepo sheria kabla yake, ila hazikuwa na wa kuzisimamia. Safari hii wakateuliwa wakaguzi, nao walikuwa 4 tu kwa nchi nzima! Na umri wa mtoto ungejulikanaje? Serikali ilianza kuandikisha vizazi England na Wales mwaka 1837. Kabla ya hapo daktari alimkadiria mtoto kwa kumtazama umbile.

Mwaka 1847 wanawake na vijana wakawekewa kikomo cha saa 10 kwa siku. Kipindupindu nacho kilichangia kuzaliwa kwa Sheria ya Afya ya Umma ya 1848. Ujerumani ilianzisha bima ya ugonjwa 1883, ya ajali 1884, na ya uzee 1889. Bismarck, kansela wa Ujerumani, alikuwa na hesabu zake za kisiasa dhidi ya wasoshalisti, lakini aliyeumia kazini sasa alikuwa na pa kushika.

Matatizo haya hayajaisha. Aprili 2013, jengo la Rana Plaza nchini Bangladesh lilionekana kuwa na nyufa. Kesho yake mafundi cherehani wakaamriwa waingie kazini, likaporomoka na kuua zaidi ya watu 1,100. Ndipo vyama vya wafanyakazi na kampuni nyingi za nguo wakatia saini mkataba wenye nguvu ya kisheria, wa kupeleka wakaguzi kwenye majengo.