Ziara ya uwanja wa vita ni nini? Tuanzie mchangani Shela

Ukitoka Mji wa Kale wa Lamu ukafuata ufuo kuelekea kusini, mwendo wa kilomita tatu hivi, unafika Shela. Wageni huja pale kwa ajili ya mchanga na upepo. Sisi wenyeji tunaukumbuka ufuo huo kwa jambo jingine: hapo ndipo jeshi la Mombasa na Pate lilipopwelewa.

Kwa msomaji wa bara, kupwelewa ni chombo kubaki kimekaa mchangani kwa sababu maji yamekupwa chini yake. Hakijavunjika wala hakijagonga mwamba. Bahari imeondoka tu, na mpaka irudi ni saa nyingi. Nimeanza na neno hili kwa sababu linasaidia kueleza dhana nyingine isiyotajwa sana kwetu: ziara ya uwanja wa vita.

Ziara hiyo ni somo la maafisa wa jeshi linalofundishwa palepale watu wa zamani walipopigania. Ni tofauti na utalii, na ni tofauti pia na sherehe ya kuwakumbuka mashujaa. Kwanza maafisa husoma habari za vita hivyo kwa wiki kadhaa, kisha huenda kutembea uwanjani hatua kwa hatua, kisha hukaa chini kubishana. Mizizi yake iko Prussia, dola la Kijerumani la zamani, katika karne ya 19, ambako Helmuth von Moltke, mkuu wa makao ya jeshi, alikuwa akiwapeleka maafisa wake mashambani juu ya farasi na kuwapa matatizo ya kutatua kulingana na ardhi waliyoiona. Mwaka 1906 Meja Eben Swift wa Marekani akawachukua wanafunzi wake wa chuo cha jeshi cha Fort Leavenworth hadi jimbo la Georgia, kuzifuata nyayo za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi yao. Tangu hapo majeshi mengi yameiga.

Kiini cha somo ni swali moja. Mwalimu husimama mahali, humgeukia mwanafunzi na kumwambia: wewe ndiye kamanda, saa hii unajua hiki na hiki, hujui kile. Unaamuru nini? Hapo ndipo ugumu ulipo. Sisi tunaosoma baadaye tunajua nani alishinda, kwa hiyo ni rahisi mno kumcheka aliyeshindwa. Afisa anayemcheka marehemu hajajifunza kitu. Anatakiwa kwanza aione dunia kama yule alivyoiona.

Sasa turudi Shela. Yapata mwaka 1812, Mazrui, ukoo uliotawala Mombasa, waliungana na watawala wa Pate, kisiwa jirani, kuitia Lamu mkononi. Majeshi yao yalishuka Shela. Watu wa Lamu wakawakabili, mapigano yakawaelemea wavamizi, wakarudi mbio kwenye vyombo vyao. Vyombo vimekaa mchangani. Wengi waliuawa palepale ufuoni, na inasimuliwa kwamba mifupa yao iliendelea kuonekana kwenye vilima vya mchanga vizazi baadaye. Masimulizi yetu hutia na uganga humo ndani. Huo nawaachia wanaoujua.

Kila anayeisikia hadithi hii mara ya kwanza huuliza: hivi watu wa Mombasa hawakujua kwamba maji hupwa? Walijua vizuri sana! Hawa walikuwa watu wa pwani, waliolelewa na bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, kama sisi. Kwa maoni yangu swali la maana ni jingine. Kujua kwao kuliingia wapi katika mpango wa vita? Chombo kilichowaleta kilihesabiwa kuwa njia ya kuja. Inaelekea hakuna aliyekihesabu kuwa njia ya kurudi, kwa sababu hakuna aliyetarajia kurudi kwa haraka. Elimu ilikuwemo vichwani mwa manahodha, ila haikufika kwenye amri.

Jambo hilihili lilitokea mbali kabisa na hapa. Novemba 1943, askari wa majini wa Marekani walishambulia kisiwa cha Betio, huko Tarawa katika Bahari ya Pasifiki. Meja Frank Holland, aliyeishi visiwa hivyo miaka mingi, alikuwa amewaonya kwamba siku hizo maji yasingetosha kupitisha boti juu ya mwamba wa matumbawe. Mpango haukubadilishwa. Boti zikakwama, askari wakateremka na kutembea majini mamia ya mita huku wakipigwa risasi. Katika saa 76 Wamarekani wapatao 1,000 walikufa.

Miaka saba baadaye, tarehe 15 Septemba 1950, Jenerali Douglas MacArthur alishusha majeshi Inchon, Korea, mahali ambapo tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 9. Lamu yetu ni kama mita 3 tu siku za bamvua, na tunalalamika. Safari hii maji yaliwekwa katikati ya mpango. Luteni Eugene Clark alitangulizwa kwenye kisiwa cha karibu, akapima, akagundua kwamba majedwali ya maji ya Wajapani yalikuwa sahihi kuliko ya Wamarekani. Kundi la kwanza lilishuka na maji ya asubuhi, likakaa peke yake mchana kutwa matope yakiwa wazi, wenzao wakaja na maji ya jioni. Wakafaulu.

Lakini ushindi nao ni mwalimu mbaya. Baada ya Inchon, waliokuwa na shaka na MacArthur walinyamaza, yeye akasonga kaskazini hadi karibu na mpaka wa China, na Wachina wakaingia vitani kwa nguvu kubwa.

Ndiyo maana ziara nzuri ya Shela isingeishia ufuoni. Ningewarudisha maafisa mjini, mpaka mlangoni pa ngome, ile iliyokuja kuwa gereza hadi 1984 na sasa ni makumbusho. Baada ya kushinda, Lamu iliogopa kisasi, ikamwomba ulinzi Seyyid Said wa Oman. Akaleta liwali na kikosi cha askari, na ngome ikakamilika yapata 1821. Mwaka 1837 Mombasa yenyewe ikaangukia mikononi mwake. Hapo mlangoni mwalimu anauliza tena: wewe ndiye mzee wa Lamu, umeshinda jana, adui ana vyombo vingine. Unaomba msaada kwa nani, na utamlipa nini?

Ukitaka kuionja ziara mwenyewe, nenda Shela siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au umeandama. Fika maji yamejaa, chagua mashua moja iliyotia nanga karibu na ufuo, tazama saa yako. Kila baada ya dakika kumi jiulize kama ungetoa amri ya kuondoka sasa, au ungesubiri kidogo.