Je, wajua kwa nini sauti za Ella na Louis zilipatana?

Ukizisikia kila moja peke yake, huwezi kudhani zingekaa kwenye wimbo mmoja. Sauti ya Ella Fitzgerald, mwimbaji wa jazi wa Marekani, ni nyororo, inapanda na kushuka bila kukwama popote. Ya Louis Armstrong, mwimbaji mwenzake na mpiga tarumbeta, ni mikwaruzo mitupu, kama mchanga unaochekechwa. Lakini albamu yao Ella and Louis, iliyorekodiwa Hollywood tarehe 16 Agosti 1956, hadi leo inahesabiwa miongoni mwa kazi bora za jazi za waimbaji wawili. Nyimbo zote 11 ziliingizwa studio siku moja, na usiku uliotangulia wote wawili walikuwa jukwaani Hollywood Bowl.

Jibu moja liko kwenye sikio lenyewe. Sauti mbili zinazofanana zikiimba pamoja, sikio huziunganisha, na ni kazi kujua nani ni nani. Zikitofautiana sana, kila moja hubaki na nafasi yake. Ndiyo maana Ella anapoimba maneno ya wimbo na Louis akamchombeza kwa chini kwa miguno na vijineno vyake, hupotezi hata silabi moja. Hakuna anayemfunika mwenzake.

Ila tofauti peke yake haitoshi. Wako wengi waliotofautiana sauti wakaimba pamoja na matokeo yakawa vurugu. Hawa wawili walisoma mapigo kwa namna moja. Mwaka 1926 Louis alirekodi “Heebie Jeebies”, wimbo ulioipa umaarufu mtindo wa kuimba silabi zisizo na maana, sauti ikifanya kazi ya ala. Ella, aliyekuwa mdogo kwake kwa karibu miaka 16, alikuja kuwa bingwa wa mtindo huohuo, na alikuwa hodari hata wa kumwigiza Louis kwa sauti yake ya kukwaruza. Kwa hiyo Louis anapochelewesha neno kwa makusudi, nyuma kidogo ya mapigo, Ella hashtuki. Anajua litatua wapi.

Halafu kuna suala la ki, yaani kiwango cha juu au cha chini ambamo wimbo huimbwa, ambalo mimi naliona ndilo tamu kuliko yote. Mtayarishaji Norman Granz alieleza kwamba Ella alimwachia Louis achague nyimbo na ki, hata pale ki ilipokuwa haimfai yeye. Kila mwanakwaya anajua shida hiyo: ki inayomkaa vizuri mwanamume mara nyingi humtesa mwanamke. Lakini Ella alikuwa na sauti pana mno, na kwenye albamu hii hana haraka ya kuonyesha kimo chake. Ukisikiliza “Moonlight in Vermont” utamsikia ametulia, ana joto, karibu anaongea. Heshima kwa mkubwa wake ilimzalishia sauti ambayo pengine asingeitafuta.

Wapigaji wa ala nao walijua kunyamaza. Oscar Peterson, mpiga piano wa kumwaga noti kama mvua, hapa anazihesabu. Buddy Rich, aliyesifika kwa kishindo, anapiga dramu kwa upole. Herb Ellis yuko kwenye gitaa. Kwenye besi ni Ray Brown, aliyewahi kuwa mume wa Ella. Walikuwa wameachana miaka mitatu kabla, na bado alijua pumzi zake zinakatikia wapi. Palipobaki wazi, tarumbeta ya Louis iliingia kama mwimbaji wa tatu.

Walirudi studio mwaka 1957 kwa albamu ya pili, kisha wakarekodi Porgy and Bess wakiwa na okestra kubwa. Hiyo ya okestra ina fahari yake, lakini ala nyingi zimejaza zile nafasi ambamo Louis alikuwa akimchokoza Ella. Mgeni wa jazi aanze na ile ya 1956, na aanze na “Cheek to Cheek”: Louis anatangulia, Ella anapokea.