Kuku Naye Ni Mfugo

Wiki hii nimeambiwa mara tatu kwamba kuku si mfugo. Mara ya kwanza nilikuwa kwenye foleni ya mashine ya kusaga pale Isevya, hapa Tabora mjini. Mara ya pili nilipigiwa simu saa tatu usiku. Mara ya tatu ilikuwa ofisini kwa mtendaji wa mtaa, mbele ya majirani wawili ambao zamani walikuwa wakiazimana chumvi na sasa hawaamkiani. Hiyo ya tatu ndiyo iliyonikalisha chini niandike.

Nilipomwamkia mzee mwenye kuku, aliitikia "marahaba" na hapohapo akaanza: "Bwana mifugo, sheria ni ya ng'ombe na mbuzi. Kuku ni ndege wa nyumbani, tangu enzi za babu zetu hakuwekewa sheria." Jirani yake ni mama ambaye dirisha la chumba cha watoto wake linatazama banda lile. Naye akajibu kwa uhakika uleule: "Mjini kufuga ni marufuku. Naomba waondolewe leo."

Wote wawili wamekosea, na uchungu wa kila mmoja naujua. Ila nimechoka kulieleza jambo hili kwa mdomo, mtu mmojammoja, kata baada ya kata.

Nianze na la mzee. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 haimwachi kuku nje, wala ile ya Ustawi wa Wanyama ya 2008. Kideri, ule ugonjwa wa kuku wa kuambukiza, kikiingia bandani, mwenye kuku ana wajibu wa kutoa taarifa kama alivyo na wajibu mwenye ng'ombe wenye homa ya mapafu. Anayewakusanya waliobaki usiku akawakimbiza sokoni alfajiri kabla hawajaanza kusinzia amevunja sheria, na amepeleka ugonjwa kwenye mabanda ya watu ambao hawajui hata anakoishi. Halafu iko Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009, inayohusika na kero zinazodhuru afya za watu. Na karibu kabisa na mlango wako ziko sheria ndogo za halmashauri.

Hilo neno "ndogo" limewapotosha wengi. Sheria ndogo za miji hutungwa na baraza la madiwani kwa nguvu ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji), Sura ya 288, ya mwaka 1982. Wananchi hupewa nafasi ya kutoa maoni na pingamizi, kisha waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa huidhinisha, kisha hutangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Ikifika hapo ni sheria kamili, na unaweza kushtakiwa kwayo. Kwa upande wa pili, mwenyekiti wa mtaa akikuambia kwa mdomo "ondoa kuku kufikia Ijumaa", hiyo haijawa sheria ndogo. Muulize kwa adabu ni kifungu gani. Na faini isiyo na risiti ya serikali usiilipe.

Sasa la mama. Hakuna sheria ya nchi inayosema kufuga mjini ni marufuku. Kanuni za kilimo cha mijini za mwaka 1992 zilimruhusu mtu kuwa na ng'ombe wasiozidi wanne, wafungiwe ndani na kuletewa majani, na shamba lisizidi eka tatu. Kanuni inayoweka kikomo imekwisha kukubali kwamba kitu chenyewe kipo. Watu waliosikia habari za ng'ombe wanne wakati ule wamezishika mpaka leo wakidhani ndiyo sheria yote, kana kwamba tangu 1992 hakuna diwani aliyeketi.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Naruhusiwa kuku wangapi?" Namba sitaiandika hapa, na nina sababu. Kila halmashauri ina sheria ndogo zake, na najua mtu wa Nzega au Urambo atasoma ya Tabora aende nayo kwa mtendaji wake. Pia neno "mjini" lenyewe ni pana. Manispaa yetu inaanzia madukani Gongoni na kufika Ndevelwa na Kakola, ambako watu wanalima na kuswaga ng'ombe. Nenda ofisi ya kata, omba kuisoma sheria ndogo, ni haki yako. Ila hata ukiipata namba hujamaliza, kwa maana kinachomfanya jirani aje kwangu si hesabu. Anakuja kwa sababu kuna kitu kimevuka kuingia kwake: harufu, inzi, kelele, kinyesi, ugonjwa, au kuku wenyewe.

Harufu nitaieleza kwa kirefu, maana hapo ndipo ninapoona watu wenye nia njema wakishindwa.

Kinyesi cha kuku kikiwa kikavu hakisumbui sana. Kinachochoma pua ni amonia, na amonia hutokea pale bakteria wanapopata unyevu wa kuivunja ile sehemu nyeupe ya kinyesi, ambayo ndiyo mkojo wa kuku. Kuku hana mkojo wa pembeni, vyote hutoka pamoja. Kuku mkubwa wa mayai hutoa kinyesi kibichi cha kama gramu 100 hadi 150 kwa siku, na karibu robo tatu ya uzito huo ni maji. Kuku 50 ni kilo 5 hadi 7 na nusu kila siku inayotoka kwa Mungu. Maranda makavu yaliyotandazwa sakafuni na hewa inayopita huyanywa maji hayo. Maranda yaliyoloa hayawezi tena kunywa kitu. Ndiyo maana nimeingia mabanda ya kuku 50 nikavuta pumzi bila taabu, na nimeingia banda la kuku 12 macho yakatiririka machozi, kwa sababu drinka, chombo cha kunyweshea kuku maji, ilikuwa inavuja kwenye kona na hakuna aliyejisumbua kuinama.

Hili nililijua kwa kumuumiza mtu. Miaka ya nyuma, katika kituo kingine, nilimwamuru mama mmoja apunguze kuku kutoka 60 hadi 30 kwa sababu ya malalamiko. Aliuza haraka kwa bei ya hasara. Baada ya wiki mbili jirani akarudi kwangu, harufu ni ileile. Niliporudi bandani ndipo nilipoona bati la nyuma limetoboka na maji ya mvua yanadondokea ndani, na ukuta wa matofali umezibwa mpaka juu bila dirisha la wavu. Nilikuwa nimehesabu kuku badala ya kushika maranda. Nilimwomba radhi, akanisamehe, ila kuku 30 wa mtu hawarudi kwa samahani. Tangu siku hiyo, kabla sijaandika neno kwenye notisi, nachota maranda kwa kiganja na kuyakamua. Yakishikamana kama donge, yameloa. Yakimwagika kati ya vidole, banda linapumua, na kama harufu ipo tuitafute kwingine.

Inzi nao wana hesabu yao. Wakati wa joto, kama Septemba na Oktoba hapa kwetu, yai la inzi linaweza kuwa inzi anayeruka ndani ya siku 7 hadi 10. Anayezoa kinyesi kila baada ya wiki mbili anawapa inzi muda wote wanaouhitaji. Zoa kabla ya wiki kwisha, fukia au funika lundo, na likishaiva peleka bustanini. Udongo wetu wa Tabora ni wa kichanga na una njaa. Mbolea hiyo unaweza kuiuza kwa walima mchicha badala ya kuitupa kwenye mtaro wa jirani.

Sasa niseme jambo ambalo kwenye semina hatulisemi. Vitabu vyetu, na baadhi ya sheria ndogo, hutaja mita kati ya banda na nyumba ya mtu. Nimesimama mita tatu kutoka banda kavu nisisikie chochote, na nimesimama ng'ambo ya barabara nikaziba pua. Upepo mwingi wa kiangazi hapa hutoka upande wa mashariki, kwa hiyo jirani wa magharibi anaweza kuteseka akiwa mbali wakati wa mashariki analala vizuri akiwa ukutani. Halafu kwa viwanja vidogo vya kata kama Ng'ambo au Kanyenye, ukizipima mita hizo kutoka kila upande banda linaangukia sebuleni. Mita zimeandikwa kwa sababu futikamba inapima mita, na pua haina kipimo kinachokubalika barazani. Nazisimamia kwa kuwa ni sheria. Lakini moyoni siamini kwamba mita peke yake zinamlinda yule mama na watoto wake.

Na kuna jambo gumu kuliko mita. Sheria zimeandikwa kana kwamba kila mtu ana ua. Sisi tunaishi kwenye nyumba ya vyumba sita, korido katikati, wapangaji watano, bomba moja, uani pamoja. Kuku wa mpangaji wa chumba cha tatu wanachakura mahindi aliyoanika mpangaji wa chumba cha kwanza, wanapanda juu ya sufuria, wananya kwenye kizingiti. Mpaka uko wapi hapo? Nani kamvukia nani? Ukitoa notisi unampa nani, mwenye kuku au baba mwenye nyumba anayeishi Dar es Salaam? Hapo huwa nakaa nao kwenye mkeka, tunaandika karatasi moja mbele ya mtendaji: kuku walale wapi, wafunguliwe saa ngapi, nani anafagia, na nafaka ikiliwa analipa nani na kiasi gani. Mwenye nyumba akikubali kwa simu, tunaandika na hilo. Karatasi ile haina nguvu ya sheria ndogo, na mwenye nyumba akiuza au akifariki inabaki karatasi tu. Hata hivyo imenisaidia kuliko notisi zote nilizowahi kubandika.

Kuna jingine linaloniuma, nalo ni letu sisi watumishi. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Vikundi vingi huandika andiko la kuku. Katika halmashauri moja niliyopita, kikundi cha vijana kilipewa mkopo, wakaleta vifaranga chotara 300, na kabla yai la kwanza halijaonekana wakapewa notisi ya kero na idara nyingine ya ofisi ileile. Hakuna aliyekuwa amewauliza banda litasimama wapi, nami ni mmoja wa wasiouliza. Leo andiko lolote likipita mezani kwangu, jambo la kwanza ni kwenda kusimama kwenye kiwanja.

Jogoo nitampitia haraka. Ana saa yake mwilini, hangoji mwanga, na huwezi kumfundisha kunyamaza. Lakini tetea hutaga bila jogoo. Mayai hayataanguliwa, basi, ila ya kula na kuuza ni yaleyale. Anayefuga kwa ajili ya mayai hana sababu ya kugombana na mtaa kwa ajili ya jogoo. Anayetaka vifaranga, jogoo mmoja kwa tetea kumi wanatosha. Kanga wana kelele kuliko jogoo. Mbuzi na ng'ombe wasizurure barabarani, hilo halina mjadala. Mbwa achanjwe kichaa kila mwaka na afungwe mchana.

Chanjo ya kideri nayo ni suala la mtaa mzima. Ile ya I-2 inayotengenezwa hapa nchini ni tone moja kwenye jicho, kila baada ya miezi mitatu, na ugonjwa ukishaingia hakuna dawa ya kuuponya. Kichupa kimoja kina dozi nyingi kuliko kuku wa nyumba moja, kwa hiyo majirani wachange na wachanje siku moja. Wanaposema inavumilia joto hawamaanishi uifunge kwenye keria ya baiskeli juani kutwa nzima. Na kuku mgeni aliyetoka mnadani akae peke yake wiki mbili kabla hujamchanganya na wengine, hata kama ni zawadi ya shemeji.

Turudi kwa mzee na mama. Tulitoka ofisini tukaenda bandani sote wanne. Kuku ni 22, majogoo wawili, maranda yameloa upande wa dirisha la watoto, drinka iko chini sakafuni na kila kuku anayepita anaimwaga. Mzee alikamua maranda kwa mkono wake, akanyamaza kidogo, akasema, "Kumbe." Mama naye aliposikia kwamba hakuna anayeweza kuwaondoa kuku leo, alikaa juu ya kinu akauliza basi kitafanyika nini. Tukakubaliana: drinka iinuliwe juu ya matofali hadi usawa wa mgongo wa kuku, maranda yote yatolewe, dirisha la wavu lifunguliwe upande wa pili, kuzoa kila Jumatano na Jumapili, na jogoo mkubwa aende kwa mwanawe Kakola. Mama alisema yule mdogo atamvumilia kwanza. Jumamosi asubuhi nitapita tena kukamua maranda, na nimemwomba mama awepo ayakamue yeye.