Seikei bunri haikuwa biashara isiyo na siasa

Kila Tokyo na Beijing zinapokwaruzana, hakosekani mchambuzi wa kusema kwamba Wajapani na Wachina wana hekima: siasa wameiweka kando, biashara inaendelea. Siku hizi wengine hulitaja na jina la Kijapani lenyewe, seikei bunri, ili hoja ipate uzito. Jina hilo lina historia nzito, na kulitumia hivyo ni kuifuta historia yenyewe.

Maana yake kwa ufupi: seikei ni siasa na uchumi, bunri ni kutenganisha. Ilikuwa sera ya Japan, tangu miaka ya 1950 hadi 1972, ya kufanya biashara na China Bara bila kuitambua serikali yake. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayoachwa, na ndiyo yanayobeba dhana nzima.

Tarehe 28 Aprili 1952, siku ileile Japan ilipotoka chini ya ukaliaji wa Marekani na washirika wake, ilitia saini mkataba wa amani na serikali ya Chiang Kai-shek, iliyoshindwa na Wakomunisti Bara na kukimbilia Taiwan, huko Taipei. Waziri Mkuu Yoshida Shigeru alikuwa amekwisha kuiahidi Washington kwa barua kwamba atafanya hivyo. Basi kisheria, kwa Tokyo, serikali ya China ilikuwa Taiwan. Lakini makaa ya mawe, chuma ghafi na soya vilikuwa Bara, ng'ambo ya bahari tu, na wenye viwanda wa Japan walikuwa wamevizoea tangu kabla ya vita. Seikei bunri ilizaliwa hapo: serikali ibaki na Taipei na Washington, wafanyabiashara wavuke kama watu binafsi.

Udhaifu wake ulionekana Nagasaki, Mei 1958. Katika duka kubwa kulikuwa na maonyesho ya stempu na kazi za karatasi kutoka China, na bendera ya Jamhuri ya Watu wa China, yaani ya serikali ya Beijing, ilitundikwa humo. Kijana mmoja wa Kijapani akaishusha. Sheria ya Japan inaadhibu anayeidhalilisha bendera ya taifa la kigeni, lakini taifa hilo lilikuwa halitambuliwi, kwa hiyo kijana alishtakiwa kwa kosa dogo tu na kutozwa faini ndogo. Beijing ilisimamisha karibu biashara yote. Serikali ya Kishi Nobusuke ilikuwa imesema bendera ni siasa na biashara ni biashara. Wachina wakajibu kwa kuifunga hiyo biashara.

Hapa ndipo penye kosa ninalolisikia mno, la kusema kwamba "nchi zote mbili" zilikubaliana kutenganisha. Hazikukubaliana hata mara moja. Zhou Enlai, waziri mkuu wa China, alisema wazi kwamba siasa na uchumi havitenganishiki, na Wajapani wenyewe waliuita msimamo wake seikei fukabun. Biashara iliporudi mwaka 1960, ilipitia kwanza "kampuni rafiki", yaani kampuni za Japan zilizokubali masharti ya kisiasa ya Beijing. Kisha Novemba 1962 Liao Chengzhi wa China na Takasaki Tatsunosuke wa Japan wakatia saini makubaliano ya miaka mitano yanayojulikana kwa herufi za majina yao, biashara ya L-T. Takasaki aliitwa mtu binafsi, ilhali alikuwa mbunge wa chama tawala na waziri wa biashara wa zamani. Liao alizaliwa Tokyo na alikuwa mtu wa karibu wa Zhou. Kila upande ulijua nani anazungumza na nani.

Hata upande wa Japan utenganisho haukuwa kamili. Mwaka 1963 serikali ya Ikeda Hayato iliruhusu kampuni ya Kurashiki kuiuzia China kiwanda cha vinailoni, aina ya nyuzi za kutengenezwa, kwa mkopo wa benki ya serikali. Taipei ilichukia mno, ikamwita balozi wake nyumbani. Mwaka uliofuata Yoshida, ambaye hakuwa tena na cheo serikalini, alituma barua Taipei kuwatuliza kuhusu mikopo ya namna hiyo, na chini ya Sato Eisaku, waziri mkuu aliyemfuata Ikeda, barua hiyo ya mstaafu ilitosha kukwamisha kiwanda cha pili. Mkopo wa benki ulikuwa umegeuka suala la nani ndiye China.

Wasomaji wa Tanzania wanalo tukio la karibu zaidi. Oktoba 1971, Umoja wa Mataifa ulipopiga kura kuipa Beijing kiti cha China, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizowasilisha azimio hilo. Japan ilisimama na Marekani kudhamini maazimio ya kulizuia, wakati tayari ilikuwa mshirika mkubwa wa biashara wa China. Asiyeielewa seikei bunri ataona huo ni unafiki usioelezeka. Kumbe ndiyo sera yenyewe ikifanya kazi: chuma na mbolea vinapita, kura inabaki kwa Taipei.

Iliisha Septemba 1972. Rais Nixon wa Marekani alikwishatangaza safari yake ya China bila kushauriana na Tokyo, na Tanaka Kakuei, waziri mkuu mpya, akaenda Beijing. Taarifa ya pamoja ya tarehe 29 iliitambua Jamhuri ya Watu kuwa serikali pekee halali ya China. Siku hiyohiyo waziri wa mambo ya nje, Ohira Masayoshi, akatangaza kwamba mkataba wa Taipei umekwisha.

Lakini mpango wenyewe haukufa, uligeuzwa. Mwisho wa mwaka huo Japan ilifungua chombo cha "kiraia" cha kushughulika na Taiwan. Hakina hadhi ya ubalozi, lakini kinafanya kazi nyingi za ubalozi, na tangu 2017 jina lake linaitaja Taiwan waziwazi.

Ugomvi wa leo una jina jingine, seirei keinetsu: siasa baridi, uchumi moto. Lilienea enzi za waziri mkuu Koizumi Junichiro, alipokuwa akizuru hekalu la Yasukuni, wanakoenziwa wafu wa vita wa Japan wakiwemo wahalifu wa kivita, huku biashara ikipanda. Hilo si sera ya mtu yeyote, ni maelezo ya hali, na hali hiyo huvunjika: Agosti 2023 China ilipiga marufuku mazao yote ya bahari kutoka Japan kwa sababu ya maji ya kiwanda cha nyuklia cha Fukushima yaliyoanza kumwagwa baharini. Kwa hiyo anayetaka kuzungumzia Tokyo na Beijing za sasa atumie hilo la pili. Seikei bunri ni ya Beijing kabla ya 1972, na ya Taipei baada yake.