Je, wajua kwa nini bendi hurudi jukwaani kupiga albamu ya miaka 20 iliyopita, wimbo kwa wimbo?

Mwaka 2023 Ben Gibbard, mwimbaji wa roki kutoka jimbo la Washington, Marekani, alikuwa akipanda jukwaani mara mbili kila usiku akiwa na bendi mbili tofauti. Kwanza Death Cab for Cutie ilipiga albamu yake ya Transatlanticism yote, kisha The Postal Service ikapiga Give Up yote. Albamu zote mbili zilitoka mwaka 2003, ya kwanza ina nyimbo 11 na ya pili 10, na zote kaziimba yeye. Ziara ilifika hadi Madison Square Garden jijini New York, ukumbi ambao bendi hizo hazikuwa na ubavu wa kuujaza zilipokuwa changa.

Kwa nini albamu nzima, badala ya kuchanganya vibao vya zamani na vipya?

Pesa zimo, tena nyingi. Zamani bendi ilizunguka ili kuuza albamu. Siku hizi watu wanasikiliza mtandaoni, na wimbo ukichezwa mara moja humwingizia msanii sehemu ndogo mno ya senti, kwa hiyo riziki imehamia kwenye viingilio. Na shabiki aliyekuwa na miaka 18 mwaka 2003 sasa ana kazi na mshahara, tiketi haimshindi. Mtindo wenyewe ulishika kasi Uingereza mwaka 2005, waandaaji wa tamasha la muziki la All Tomorrow's Parties walipoanzisha maonyesho ya Don't Look Back, ambapo The Stooges walipiga Fun House, albamu yao ya mwaka 1970, kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Kwa The Postal Service kuna jambo la ziada. Jimmy Tamborello alitengeneza midundo kwa kompyuta akiwa Los Angeles, akamtumia Gibbard kwa posta. Gibbard akaongeza sauti na gitaa, akairudisha kwa njia hiyohiyo. Jina likatoka hapo, na Posta ya Marekani ikalilalamikia. Wakapatana kwa namna ya kupendeza: bendi ikabaki na jina, Posta ikauza CD hiyo kwenye tovuti yake, na mwaka 2004 bendi ikatumbuiza kwenye mkutano wa wakuu wa Posta. Give Up ilivuka nakala milioni moja, lakini albamu ya pili haikutokea kamwe. Anayetaka kuwaona jukwaani hana budi kungoja maadhimisho: walirudi mwaka 2013, halafu 2023.

Sababu ninayoiona nzito kuliko zote ni mpangilio wa nyimbo. Katika onyesho la kawaida kibao kikubwa huwekwa akiba hadi mwisho. Kwenye Give Up, Such Great Heights ni wimbo wa pili, kwa hiyo ukumbi unalipuka mapema na bendi inapaswa kuushikilia kwa nyimbo nane zaidi. (Mashabiki walipowaita tena, waliurudia kwa mtindo wa taratibu, bila midundo ya kompyuta.)

Transatlanticism inaonyesha jambo hili vizuri zaidi. Wimbo uliobeba jina la albamu una urefu wa karibu dakika nane: unaanza na piano peke yake, ngoma zinachelewa kuingia, kisha mstari mmoja unarudiwa na kurudiwa huku sauti zikipanda. Death Cab wameutumia miaka mingi kufungia maonyesho, na hapo watu hutoka ukumbini wakiwa wamepandwa na mzuka. Ndani ya albamu, hata hivyo, ni wa saba. Unachomoka moja kwa moja kutoka Tiny Vessels, wimbo mchungu wa mtu anayekiri kwamba hakupenda, na baada yake inakuja Passenger Seat, piano na sauti ya chini ya mtu aliyeketi garini usiku. Ukiutoa katikati ya nyimbo hizo mbili unabaki kuwa wimbo mzuri, ila msikilizaji hapati tena ule uchungu unaoutangulia wala ule utulivu unaoufuata, na hivyo ndivyo vilivyomfanya aipende albamu hiyo tangu mwanzo.