Cherehani ya miguu inatosha kushona mfarishi
Hapa Kisumu nasikia mara kwa mara kwamba mfarishi wa viraka, yaani blanketi la vipande vya kitambaa vilivyoungwa, hauwezekani bila cherehani ya umeme yenye mishono mingi. Si kweli. Mshono ulionyooka unatosha, na cherehani ya kukanyaga huutoa vizuri sana. Kinachoharibu kazi ni vipimo: acha nafasi ya mshono ya robo inchi, milimita 6 hivi, kwenye kila ukingo wa kiraka. Ukikosea kidogo kila kiraka, safu nzima inapinda, na hapo ndipo wanaoanza hukata tamaa bure. Vitambaa ulivyonunua soko la Kibuye vifue kwanza, hasa vitenge vyekundu, hutoa rangi. Ukifika kuunganisha kitambaa cha juu, pamba ya katikati na kitambaa cha chini, bana kwa pini, refusha mshono hadi milimita 3, kisha anzia katikati ukielekea kingoni, mikunjo isijikusanye.